Sikinde: Bendi Iliyolelewa na Jiji

Mlimani Park Orchestra ilizaliwa mwaka 1978 ikiwa na mwajiri kabla haijawa na wimbo hata mmoja. Mwajiri huyo alikuwa Tanzania Transport and Taxi Services, kampuni ya usafiri na teksi iliyokuwa pia na baa iliyoitwa Mlimani Park, upande wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baa ilihitaji bendi ya kuvuta watu. Kampuni ikatoa vyombo, ikawachukua wanamuziki na kuwalipa mshahara, na jina la baa likawa jina la bendi. Tangu hapo bendi hii imehama mikono, imekimbiwa na nyota wake, imeziba mapengo, imezika wakongwe wake, na bado ukitaja Sikinde mbele ya mtu mzima wa Dar es Salaam hakuulizi unamsema nani.

Msomaji aliyekulia enzi hizi za msanii mmoja na prodyuza wake anaweza kuona ajabu kwamba kampuni ya teksi iliajiri wapiga gitaa. Kwa wakati ule ndio ulikuwa utaratibu. Enzi za ukoloni bendi za mjini zilikuwa vilabu vya wanachama. Dar es Salaam Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1932, ni mmojawapo wa mifano ya mwanzo. Baada ya uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda NUTA Jazz. Wakafuata wengine: Polisi, Magereza, JKT, Umoja wa Vijana na Vijana Jazz yake, jeshi na Mwenge Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la mabasi UDA, na baadaye Shirika la Bima na Bima Lee. Gitaa la umeme, amplifaya na saksafoni vilitoka ng'ambo na vilitaka fedha za kigeni, ambazo mtu binafsi hakuwa nazo. Taasisi ndizo zilizomiliki vyombo, mwanamuziki akaja na vidole vyake au koo lake. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo hatuisemi vya kutosha. Mwanamuziki wa dansi, ambaye kwa wazazi wengi alikuwa mhuni tu, sasa alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na mwajiri, mshahara wa mwisho wa mwezi, mazoezi ya mchana na kiongozi wa kumwuliza kwa nini amechelewa. Ulikuwa na ubaya wake pia. Kwa kuwa hakuwa na chombo chake, hakuwa na cha kumfunga mahali. Akitokea mwajiri mwenye vyombo vipya na mshahara mnono zaidi, alihama, na mara nyingi hakuhama peke yake.

Mlimani Park yenyewe ilitokana na kuhama kwa namna hiyo. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alikuwa ametoka Safari Trippers na kuanza maisha mapya na Dar International. Kutoka katika bendi hiyo changa, mwaka 1978, waliondoka watu wa maana: Abel Balthazar, mpiga gitaa aliyekuwa mstari wa mbele katika kuunda bendi mpya, Joseph Mulenga, mpiga gitaa mwingine, Cosmas Chidumule, mwimbaji na mtunzi, na Michael Enoch, ambaye nitamrudia kwa sababu bila yeye historia hii ingekuwa fupi sana. Kutoka JUWATA, jina jipya la NUTA Jazz, wakaja Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka. Marijani hakufa moyo. Alijenga upya, na Dar International ikatoa nyimbo kama Zuwena na Mwanameka ambazo hadi leo hazijapata mpinzani kwa masimulizi. Lakini ni haki kusema kwamba Sikinde ilianza kwa kumwachia mtu mwingine pengo.

Kila bendi ya wakati ule ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa kitambulisho. Polisi Jazz walikuwa na Vangavanga, Urafiki na Chakachua, Mwenge na Paselepa, UDA na Bayankata. Mlimani Park wakachagua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wakaongeza "ngoma ya ukae", na jina hilo likaimeza bendi yenyewe. Uchaguzi huo ulikuwa na akili. Wazaramo ndio wenyeji wa mji, na Gurumo alikuwa mtoto wa Masaki, Kisarawe, aliyezaliwa katikati ya ngoma hizo mwaka 1940. Wapinzani wao wakubwa, JUWATA, nao walikuwa wamejiita Msondo, jina jingine la ngoma ya Pwani. Kwa hiyo watu waliokuja mjini kutoka Songea, Bukoba au Kigoma walicheza rumba kwa gitaa za umeme chini ya majina ya ngoma za Uzaramoni, na hakuna aliyejiona mgeni.

Sasa tuingie ndani ya wimbo, maana sifa za bendi hii haziko kwenye majina tu. Wimbo wa Sikinde wa miaka ya 1980 huanza polepole. Gitaa la solo linafungua, besi inaingia chini yake, tumba zinashika mwendo, kisha vipulizo vinatandika mstari mpana kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Beti zinaimbwa na mtu mmoja au wawili, na katika sehemu nyingi sauti zinaungana mpaka huwezi kutenga ya nani iko juu, isipokuwa Bitchuka awepo: sauti yake kali na nyembamba, iliyompatia jina la Stereo, ilipaa juu ya wenzake bila kuwafunika. Hakuna haraka. Kisa kinasimuliwa mpaka kieleweke. Halafu, dakika kadhaa baadaye, wimbo unachanganya. Gitaa la solo na la second solo yanaanza kujibizana, ridhimu inakata katikati, saksafoni na tarumbeta zinarudia kifungu kifupi tena na tena, na waliokuwa wamekaa wanainuka. Waliokuja kwa ajili ya maneno na waliokuja kwa ajili ya miguu walipata haki yao katika wimbo mmoja.

Mengi katika hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja. Mtunzi alileta maneno na sauti ya kuimbia. Wapiga gitaa walitafuta njia zao mazoezini, kila mmoja akiacha nafasi kwa mwenzake. Wapulizaji wakapanga mistari yao. Wimbo uliofika ukumbini ulikuwa umepita mikononi mwa watu kumi na zaidi, na ndiyo maana jina la mtunzi peke yake halisemi habari yote.

Na maneno yenyewe! Tazama tu majina: Barua Kutoka kwa Mama, Nawashukuru Wazazi Wangu, Talaka Rejea, Mtoto Akililia Wembe, Duniani Kuna Mambo, MV Mapenzi, Nalala kwa Tabu. Hizi ni habari za nyumbani. Mji ulikuwa umejaa watu walioacha wazee wao mbali, waliooa bila shangazi wa kusuluhisha, waliogombana na mwenye nyumba au na rafiki waliyemwamini. Sikinde iliwapa lugha ya kuyasema hayo kwa adabu. Neema, utungo wa Cosmas Chidumule, umebaki kuwa wimbo ambao watu wazima wengi huuimba mwanzo hadi mwisho bila kuukosea. Kasoro moja naiona kila nikizisikiliza nyimbo hizi: wanawake ndani yake wanasifiwa, wanalaumiwa, wanabembelezwa, lakini jukwaa la Sikinde la miaka ile lilikuwa la wanaume. Vijana Jazz walikuwa na Kida Waziri, na ukimsikia unajua mara moja kilichokosekana kwa wenzao.

Nyimbo hizo zilifika kila mkoa kwa njia moja kubwa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipeleka kwanza maneno yakaguliwe, kisha ikaingia studio ya redio na kurekodi ikipiga kwa pamoja, mkanda ukizunguka. Aliyekosea katikati aliwarudisha wote mwanzo. Ukizisikiliza rekodi za Sikinde za miaka ile kwa makini, unasikia bendi iliyofanya mazoezi mpaka haina wasiwasi: mwimbaji hapapatiki, tumba hazikimbii, vipulizo vinaingia kwa pamoja kama mlango unaofunguliwa na mkono mmoja. Redio ikazipiga asubuhi, mchana, katika salamu za wasikilizaji. Aliyekuwa Mpanda au Newala aliijua Sikinde kabla hajaiona Dar es Salaam. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa madogo, na mkanda ulibaki kuwa mali ya redio. Kanda zilizonakiliwa mitaani zikaongeza umaarufu wa bendi bila kuongeza kitu mfukoni mwa wanamuziki.

Hali ya nchi haikuwa nzuri. Bendi ilizaliwa mwaka ule ule majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Baada ya vita zikaja foleni za sukari na sabuni, uhaba wa mafuta na wa fedha za kigeni. Mwaka 1983 kampuni iliyoiajiri Mlimani Park ikaanguka. Bendi nyingi zilikufa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hii ilipata mlezi mwingine, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, chombo cha uchumi cha jiji lenyewe, ambalo tayari lilikuwa na kumbi zake mjini. Jina likawa DDC Mlimani Park Orchestra.

Mabadiliko hayo ndiyo ninayoyaona kuwa kuzaliwa kwa pili kwa Sikinde. Kabla ya hapo ilikuwa bendi ya baa moja kandokando ya mji. Sasa ilikuwa bendi ya jiji, yenye ukumbi Kariakoo, katikati ya mitaa ambako watu walitembea kwa miguu kwenda dansini, na mwingine Magomeni Kondoa. Katika miaka ambayo usafiri wa usiku ulikuwa shida, kuwa karibu na watu kulikuwa na uzito kuliko tangazo lolote. DDC Kariakoo ikawa nyumbani. Watu walipeana miadi hapo, wakachumbiana hapo, na wengine walisikia hapo wimbo uliosema mambo yao waziwazi mpaka wakaangalia pembeni.

Mtihani mkubwa ukaja mwaka 1985. Hugo Kisima, mfanyabiashara aliyemiliki Orchestra Safari Sound, aliamua kuisuka upya bendi yake na akaenda kuchukua watu pale walipokuwa wazuri. Gurumo, Bitchuka na Balthazar walikuwa miongoni mwa waliokwenda, na kwa vyombo vya Kisima wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Fikiria bendi inayopoteza kwa mkupuo sauti zake mbili kubwa na mpiga gitaa aliyeiasisi. Waliokuwa wakisema Sikinde imekwisha hawakuwa wajinga.

Haikuisha, na sababu kubwa ni Michael Enoch. Enoch alikuwa mwanamuziki wa kizazi cha kabla. Mwaka 1960 alikuwa tayari mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, akaja kuiongoza bendi hiyo. Alipofika Mlimani Park alikuwa amepitia gitaa, tarumbeta na saksafoni, na wenzake walimwita King, wengine wakamwita Mwalimu. Mtu wa namna hiyo haendi na nyota wanapoondoka, kwa sababu kazi yake si kung'ara. Alijua kila sehemu ya kila wimbo inapigwaje, akawa na uwezo wa kumkalisha kijana na kumwonyesha. Vipulizo vya Sikinde, ambavyo wasikilizaji wengi huvitambua kabla ya sauti, vilibaki mikononi mwake. Wakaingia wengine au wakapanda ngazi: Benno Villa Anthony, Max Bushoke, Fresh Jumbe, baadaye Hussein Jumbe. Bendi ikaendelea kutoa nyimbo zilizofahamika mara moja kuwa za Sikinde, ingawa waliokuwa wakiimba walikuwa wapya.

Hapo ndipo naona thamani ya bendi hii kama taasisi. Tumezoea kusimulia muziki wetu kwa majina ya watu, Mbaraka, Marijani, Gurumo, na watu hao wanastahili. Lakini Morogoro Jazz haikurudi kuwa ile ile baada ya Mbaraka Mwinshehe kuondoka, wala Dar International haikuwa na maisha nje ya Marijani. Mlimani Park ilipoteza karibu kila mtu aliyeipa jina, na kila mara ikabaki na namna yake ya kupiga. Namna hiyo ilihifadhiwa na mazoezi, na mazoezi yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na ukumbi, vyombo, mshahara na mwalimu.

Tena waliohama walirudi. Bitchuka alirejea Sikinde. Shaaban Dede, kijana wa Bukoba aliyepitia Tabora Jazz, Msondo, Mlimani na Bima Lee, alizunguka mpaka ikawa vigumu kusema ni wa bendi gani. Alifariki mwaka 2017 akiwa Msondo. Gurumo naye baada ya Ndekule alirudi Msondo alikotoka. Watu hawa walipingana jukwaani na kuzikana mtaani.

Upinzani wa Msondo na Sikinde unastahili neno. Mji huu umezoea kugawanyika pande mbili. Mwanzoni mwa karne iliyopita wacheza ngoma ya beni waligawanyika Marini na Arinoti. Mpira ukaleta Simba na Yanga. Dansi likaleta Msondo na Sikinde. Mashabiki walikuwa na kumbi zao, Msondo Amana, Ilala, Sikinde DDC Kariakoo, na mjadala wao ulikuwa wa kina kuliko wa mpira. Nani ana vipulizo vilivyopangika? Nani ana maneno? Nani anachanganya vizuri? Zikikutanishwa kwenye jukwaa moja siku ya sikukuu, kila bendi ilileta nyimbo mpya na ikaficha moja ya mwisho. Ninaamini kabisa kwamba bila Msondo, Sikinde isingekuwa hodari hivyo, na kinyume chake ni kweli.

Miaka ya 1990 ilibadilisha kila kitu. Redio binafsi zilianza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, na runinga zikafuata. Muziki wa Kongo ukajaa kumbi, halafu vijana wakaja na Bongo Fleva, ambayo haikuhitaji vipulizo wala watu kumi na wanane jukwaani. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakibeba bendi yakauzwa au yakaacha mambo ya dansi. Bendi za taasisi zikafa moja moja bila tangazo. Katika mwaka huo huo wa 1994, kwa upande mwingine, kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa diski iitwayo Sikinde yenye rekodi za bendi zilizofanyika Radio Tanzania, na wasikilizaji wa mbali wakaanza kuandika kwa heshima juu ya muziki ambao nyumbani ulikuwa umeanza kuitwa wa zamani. Jina ulilopewa, zilipendwa, lina upendo ndani yake, lakini Sikinde walikuwa bado wanapiga kila wiki.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, tangu Kilimanjaro Chacha na Rufiji Jazz hadi Msondo. Diamond Platnumz, kijana aliyekuwa kileleni wakati huo, alimpa mzee huyo gari hadharani, baada ya kusikia kwamba hakuwahi kumiliki hata moja. Lilikuwa tendo jema na nalisifu bila kusita. Lilionyesha pia, mbele ya kamera, hesabu iliyokuwa haijafungwa: mtu ambaye sauti yake ilisikika redioni karibu kila siku kwa nusu karne alihitaji zawadi ili asipande daladala. Alifariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki, Kisarawe.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda utungo kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo tungo za Gurumo zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2064. Ulinzi huo hauna maana kama haijulikani nani alitunga nini, na kwa nyimbo za Sikinde swali hilo si jepesi, kwa kuwa maneno yalikuwa ya mmoja, gitaa la mwingine, vipulizo vya Enoch. Baadhi ya waliokuwemo studio bado wapo na wanakumbuka. Kuketi nao, kuwachezea wimbo mmoja baada ya mwingine, na kuandika nani alipiga solo, nani alipiga besi, nani alipanga vipulizo na maneno yalikuwa ya nani, ni kazi ya miezi michache kwa watu wawili wenye daftari na kinasa sauti. Shirika la utangazaji lenye mikanda, jiji lililoilea bendi na COSOTA yenye dhamana ya haki hizo wangeweza kuianza wiki ijayo.